Maswali ya Wasomaji: Uzi wa Kioo Unaosaka Protini

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba uzi wa kioo, wa jamii ileile inayosafirisha intaneti, unaweza kupakwa chembe ndogo mno za dhahabu na kuvikwa kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili ambazo kila moja hushika kitu kimoja mahususi, kisha ukatumika kutambua protini iliyomo kwa kiasi kidogo sana katika tone la damu. Barua mlizotuandikia zimetuonyesha mahali ambapo maelezo yale yaliacha mapengo. Tumechagua maswali matano. Mawili kati yake tumeyajibu kwa kirefu, kwa sababu humo ndimo ulimo ugumu wenyewe wa teknolojia hii.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba mwanga ukishaingia katika uzi wa kioo huakisiwa wote ndani kwa ndani, wala hautoki mpaka ufike mwisho wa uzi. Ikiwa hautoki, unaijuaje protini iliyo nje?

Mwalimu, unachofundisha ni sahihi, ila kuna jambo linalotokea pale pale mpakani ambalo vitabu vingi vya shule huliruka. Mwanga ni wimbi, na wimbi halina ukingo wa kukatika ghafla. Linapofika kwenye mpaka wa kioo na maji na kuakisiwa, uga wake huchungulia upande wa pili na kufifia upesi kadiri unavyouacha mpaka. Wanafizikia huliita wimbi linalofifia. Ikiwa huko nje hakuna kitu cha kulipokea, nishati yote hurudi ndani ya kioo na sheria unayoifundisha hutimia bila kasoro. Kukiwa na kitu kinachofyonza mwanga, au kinachoupinda kuliko maji yanavyoupinda, mwanga unaosafiri ndani hubadilika, na badiliko hilo husomwa mwishoni mwa uzi.

Umbali unaofikiwa na wimbi hilo ni mdogo: kwa mwanga unaoonekana ni kati ya nanomita 100 na mia chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ndiyo maana uzi wa kawaida wa mawasiliano hauhisi chochote ukiuzamisha ndani ya maji. Kiini chake, chenye upana wa maikromita 8 au 9, kimefunikwa na gamba la kioo linalofikisha kipenyo cha uzi mzima kwenye maikromita 125, na wimbi linalofifia huishia ndani ya gamba hilo. Watengenezaji wa vihisio huanza kwa kuondoa kizuizi hicho. Wengine hulimong'onyoa gamba kwa kemikali, wengine huupasha uzi moto na kuuvuta mpaka kiuno chake kiwe chembamba, wengine husugua upande mmoja mpaka kiini kikaribie kufunuka. Njia ninayoipenda kuwaonyesha wanafunzi ni ya kuukunja uzi uliovuliwa gamba ukawa na umbo la herufi U, kwa sababu kwenye kona mwanga hugonga ukuta wa nje kwa pembe iliyo karibu zaidi na ile ambayo ingeuruhusu kutoroka, na hapo wimbi linalofifia hufika mbali zaidi. Kona ya milimita chache hufanya kazi ambayo uzi ulionyooka ungehitaji sentimita kadhaa kuifanya.

Ninasoma kemia chuo kikuu, mwaka wa pili. Kwa nini ni lazima dhahabu iwe katika chembe za nano? Na je, si kweli kwamba kadiri chembe zinavyokuwa nyingi juu ya uzi, ndivyo kihisio kinavyokuwa na nguvu zaidi?

Swali lako la kwanza lilianza kujibiwa mwaka 1857, pale Michael Faraday alipowasilisha mjini London uchunguzi wake kuhusu dhahabu na mwanga. Alikuwa ametengeneza vimiminika vyenye dhahabu iliyogawanyika vipande vidogo kuliko uwezo wa hadubini ya wakati wake, na rangi yake haikuwa njano bali nyekundu ya rubi. Aliona pia kwamba chumvi kidogo hubadilisha wekundu huo ukaelekea zambarau na buluu. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza chembe za dhahabu maabara anaujua wakati huo: kikombe kimetulia, chekundu na angavu, unadondosha matone machache ya maji ya chumvi, na kabla hujaiweka bomba chini rangi imekwisha kugeuka. Dhahabu haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kwamba chumvi imeficha chaji zilizokuwa zikizisukuma chembe zisikaribiane, nazo zimeshikana mafungu mafungu.

Sababu ya rangi hiyo iko kwenye elektroni. Katika chembe yenye upana wa nanomita 20 hivi, elektroni huru za dhahabu huyumba zote kwa pamoja zinapopigwa na mwanga unaolingana na mwendo wao, na kwa chembe za ukubwa huo zilizo ndani ya maji mwanga huo una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 520, yaani kijani. Kijani humezwa, nyekundu hubaki. Kuyumba huko kwa pamoja ndiko kunakoitwa plazimoni, na huambatana na uga mkali wa umeme unaoizunguka chembe kwa ukaribu sana. Protini ikikaa ndani ya uga huo na kuyasukuma maji pembeni, rangi inayomezwa husogea kidogo kuelekea upande wa nyekundu, mara nyingi kwa sehemu tu ya nanomita. Kibamba kikubwa cha dhahabu hakina tabia hii. Utando mwembamba wa dhahabu wenye unene wa nanomita 50 hivi una plazimoni za namna nyingine, zinazotembea juu ya uso, na plazimoni za aina hiyo ndizo zilizotumiwa nchini Sweden mwaka 1983 kupima kingamwili zikishika mawindo yake, kisha mwaka 1993 Jorgenson na Yee wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakazihamishia juu ya uzi wa kioo.

Swali lako la pili ndilo linalohitaji tahadhari. Uga wa chembe ya nanomita 20 huisha nguvu ndani ya nanomita 10 hadi 20 kutoka kwenye uso wake. Sasa chukua kingamwili ya kawaida, ambayo yenyewe ina urefu wa nanomita 10 hadi 15, uisimamishe juu ya chembe, halafu uifanye ishike protini kwa ncha zake za juu. Protini unayoitafuta itakuwa imekaa ukingoni mwa eneo linalohisi, na nafasi bora zaidi, ile iliyo karibu na dhahabu, imeliwa na kingamwili yako mwenyewe. Hili husahauliwa mara kwa mara, na husababisha vijana wenye bidii kulaumu spektromita, kifaa kinachopima rangi za mwanga. Dawa yake ni kutumia kishikio kifupi. Baadhi ya watafiti hukata kingamwili na kubakiza kipande kinachoshika tu. Wengine hutumia aptama, yaani nyuzi fupi za DNA au RNA zilizochaguliwa kwa sababu hujikunja na kushika molekuli moja mahususi, ambazo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na makundi mawili ya Marekani yaliyofanya kazi kila moja kivyake.

Kuhusu wingi, chembe zikisongamana mno huanza kuathiriana, kilele cha rangi kinachomezwa huwa kipana kama kilima kilicholala, na kusogea kwake kidogo hakuonekani tena kwa uhakika. Uzi uliopakwa vizuri hujulikana kwa macho kabla ya kupimwa. Kioo kilichosafishwa hupewa kwanza kemikali ya silani yenye kundi la amino, ambalo hubeba chaji chanya. Kisha huzamishwa katika kimiminika cha dhahabu, ambamo chembe zimevikwa sitrati yenye chaji hasi, na chembe hukaa zenyewe mojamoja kwa kuwa zinafukuzana. Ukiutoa uzi, ukausuuza na kuuweka juu ya karatasi nyeupe, ncha yake inapaswa kuwa na waridi hafifu. Ukiona buluu au kijivu, chembe zimeshikana, na ni afadhali uanze upya kuliko kuendelea kupaka kingamwili za bei juu ya uso ulioharibika.

Grafini, ambayo wasomaji wengine wawili wameiulizia, ina kazi tofauti. Katika mwanga unaoonekana haina plazimoni za kushindana na dhahabu. Faida yake ni kuwa karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja inayotoa uso mpana wa kukalia, na oksidi yake ina makundi ya kemikali ambayo kingamwili hufungwa kwayo kwa urahisi.

Je, ninaweza kutumia vipande vya faiba vinavyobaki mafundi wanapounganisha intaneti?

Ndiyo, kioo ni kilekile cha silika, na kwa jaribio la sentimita chache usafi wa ajabu unaohitajika kusafirisha mwanga kilomita nyingi si sharti. Plastiki ya nje huvuliwa kwa koleo ileile wanayotumia mafundi. Tahadhari yetu ni moja, nayo ni nzito: wengi husoma kwamba gamba la kioo huondolewa kwa asidi ya haidrofloriki, na asidi hiyo hupenya ngozi, mara nyingine bila maumivu mwanzoni, ikaenda kuharibu tishu na kuvuruga kalsiamu mwilini hata kusababisha kifo. Usiiguse nje ya maabara yenye chumba cha kuvuta hewa, jeli ya glukonati ya kalsiamu iliyo karibu na mtu aliyefunzwa kuitumia. Kwa anayeanza, uzi mpana wenye kiini cha kioo na gamba la plastiki ni salama zaidi, kwa kuwa gamba lake huondolewa bila asidi hiyo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Nasoma makala zinazodai vihisio hivi vinagundua protini kwa femtogramu (sehemu ya milioni ya bilioni ya gramu) kwa mililita, ilhali mashine zetu za kisasa bado zinatumia vimeng'enya na mwanga wa kemikali. Kama madai ni ya kweli, kwa nini vifaa hivi havijafika kwetu?

Ndugu mtaalamu, barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge kurasa hizi. Madai mengi ni ya kweli kwa namna yalivyopimwa, na tatizo limejificha katika maneno hayo ya mwisho.

Tuchukue troponini I, protini ya msuli wa moyo unayoipima kila siku. Vipimo vya kisasa huweka mpaka wa kutilia shaka kati ya takriban nanogramu 10 na makumi machache kwa lita, kutegemea kifaa na jinsia ya mgonjwa. Tuseme nanogramu 10 kwa lita. Kwa kuwa molekuli yake ina uzito wa takriban daltoni 24,000, mililita moja itakuwa na molekuli zake milioni 250 hivi, na idadi hiyo yaweza kukufanya uone kwamba kazi ni rahisi. Lakini mililita hiyohiyo ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ina gramu 0.04 za albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote humo, ambayo kwa hesabu ileile inazidi molekuli bilioni milioni 300. Kila troponini moja imezungukwa na albumini zaidi ya bilioni moja, tukiacha kuhesabu lipoprotini na kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Kihisio kinachosoma upindaji wa mwanga hakijui jina la kilichokaa juu ya uso wake. Kinajua tu kwamba kuna kitu kimekaa. Ikiwa sehemu ndogo mno ya albumini itang'ang'ania mahali palipoachwa wazi kati ya kingamwili, ishara yake itaifunika ya troponini.

Makala unazozisoma mara nyingi zimepima protini safi ndani ya bafa, yaani maji yenye chumvi zinazoshikilia kiwango cha asidi, ambamo umati huo haumo. Nakushauri ukifungua makala yoyote ya aina hii usianze na kikomo cha ugunduzi kilichoandikwa kwenye muhtasari, bali utafute sentensi inayosema protini ilipimwa ndani ya nini. Kama ni seramu, angalia ilichanganywa na maji mara ngapi, kwa sababu seramu iliyopunguzwa mara mia moja ina umati uliopunguzwa mara mia moja, lakini hata troponini ya mgonjwa wako itakuwa imepunguzwa vivyo hivyo. Kisha angalia kikomo chenyewe kilipatikanaje. Desturi ni kupima sampuli tupu mara nyingi, kuchukua wastani wake na kuongeza mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu hupima jinsi matokeo yanavyotawanyika). Sampuli tupu zilizopimwa mara tatu kwa uzi mmoja hutoa mkengeuko mdogo unaopendeza, na uzi wa pili uliotengenezwa wiki iliyofuata hutoa hadithi nyingine.

Kikwazo cha pili ni kingamwili yenyewe. Kingamwili nzuri hushikwa nusu yake wakati protini ikiwa na mkolezo wa takriban nanomola 1 kwa lita. Nanogramu 10 za troponini kwa lita ni kama pikomola 0.4, yaani pungufu ya hapo mara 2,500 hivi. Katika hali hiyo, hata ukisubiri mpaka mambo yatulie kabisa, ni kingamwili nne hivi katika kila elfu kumi zitakazokuwa na mzigo, na kutulia huko kwaweza kuchukua saa kadhaa, kwa kuwa molekuli chache zinapaswa kuufikia uso kwa kutangatanga tu ndani ya maji. Hakuna nyenzo ya nano inayobadilisha hesabu hii kwa kung'aa zaidi. Kinachosaidia ni kukisukuma kimiminika kipite juu ya uzi katika mfereji mwembamba, kutafuta kingamwili zinazong'ang'ania zaidi, au kuleta kingamwili ya pili iliyobeba chembe ya dhahabu ili kila protini iliyoshikwa itiwe alama nzito. Njia hii ya mwisho naiona kuwa ya maana kuliko zote, kwa sababu protini hulazimika kutambuliwa mara mbili na kingamwili mbili tofauti, na albumini iliyokaa kwa bahati haiwezi kupata alama hiyo kwa urahisi. Ni hekima ileile inayoendesha vipimo vyako vya vimeng'enya, ambavyo mizizi yake ni kazi ya Engvall na Perlmann nchini Sweden mwaka 1971.

Kikwazo cha tatu ni joto, na hiki nimekiona kwa macho yangu. Tulikuwa tumeuweka uzi ndani ya bafa, mstari kwenye kompyuta ukiwa umelala, na tulipoingiza sampuli ulipanda taratibu kwa mpindo ule mzuri ambao kila mmoja hutamani kuuona, kisha ukaanza kurudi chini wakati hakuna aliyeugusa. Sampuli ilikuwa sampuli tupu, na ilikuwa imetoka kwenye jokofu dakika chache kabla. Maji yakipoa nyuzi moja ya Selsiasi karibu na joto la chumba, kiwango chake cha kuupinda mwanga huongezeka kwa takriban 0.0001; kihisio kinachoweza kuona badiliko la 0.000001 huona basi tofauti ya sehemu moja ya mia ya nyuzi hiyo. Baridi huusogeza mstari upande uleule ambao protini huusogeza. Tangu siku hiyo hatukuwahi kupima bila uzi wa pili uliopakwa kila kitu isipokuwa kingamwili ya protini tunayoitafuta, ukae ndani ya sampuli ileile, na kisomwe kile ambacho uzi wa kwanza umeongeza juu yake.

Kwa hiyo jibu fupi kwa swali lako ni kwamba sehemu ya mwanga imekwisha kutatuliwa kwa kiwango kizuri, na kazi iliyobaki iko kwenye kemia ya uso: kuziba nafasi zilizo wazi kwa polimeri zinazovutia maji, kama vile polietilini glikoli, ili albumini isipate pa kushika, na kutengeneza nyuzi mia moja zinazofanana. Mashine yako ya sasa imeshinda kwa sababu watengenezaji wake walitumia miongo kadhaa kwenye mambo hayo mawili.

Uzi mmoja waweza kutumika mara ngapi, na je, chembe hizi zina madhara kwa mgonjwa?

Katika matumizi tuliyoyaeleza, damu hutolewa kwa mgonjwa na kupimwa nje, hivyo chembe hazimwingii mwilini. Vihisio vya kuingizwa mwilini ni suala jingine lenye masharti yake.

Kuhusu kurudia, protini iliyoshikwa huweza kuachishwa kwa kuusuuza uzi na bafa ya glisini yenye asidi, ya pH 2 hivi, kwa muda mfupi, kisha kuurudisha katika bafa ya kawaida. Kila suuzo hulegeza kingamwili kadhaa na huweza kubandua chembe za dhahabu zilizoshikiliwa na chaji peke yake, kwa hiyo mstari wa msingi haurudi pale pale ulipokuwa. Katika utafiti hilo huvumilika, mradi sampuli yenye kiasi kinachojulikana ipimwe kila baada ya suuzo ili kujua uzi umepoteza kiasi gani. Kwa sampuli za wagonjwa tunaona ni sahihi zaidi ncha ya uzi itupwe baada ya mgonjwa mmoja, pamoja na taka nyingine za damu, na kibaki kisomeo chenye taa na spektromita. Kipande kinachotupwa ni kioo cha sentimita chache chenye dhahabu isiyoonekana hata kwa mizani ya kawaida ya maabara.